Kifungua Mimba wa Rubya

Mpaka nilipofikisha miaka ishirini na tisa nilijua kwamba mimi ndiye kifungua mimba wa mama yangu. Hakuna aliyewahi kunitamkia, maana hilo si jambo la kutamkiwa. Nilizaliwa mimi, wakafuata wadogo zangu wawili wa kiume, baba akafariki, mama akabaki na kibanja chetu cha migomba na kahawa kule Kaagya. Basi.

Mwaka huo nilikuwa nimepanga chumba Nyanga, nina mkataba wa muda katika kituo kimoja cha utafiti wa migomba. Watafiti walikuwa wamezunguka vijijini na vinasa sauti, wakihoji wakulima ambao ugonjwa wa mnyauko uliwamalizia mashamba. Wakulima walisema Kihaya. Kazi yetu sisi waandishi watatu ilikuwa kusikiliza na kuandika maneno yao kwa Kiswahili.

Kompyuta zilikuwa mbili katika chumba kimoja, na hazikuwa za mtu. Zilitumia mfumo wa Linux, ambao sikuwahi kuuona. Siku ya kwanza nilitafuta kila kitu mahali nilipozoea na sikukiona hata kimoja. Fundi wa mifumo, Mlutheri mmoja mpole aliyefundisha kwaya kanisani kwao, alitukalisha akatueleza.

"Hapa hakuna kompyuta yako. Kuna jina lako na nywila yako. Ukikaa hii au ile, kazi zako zinakufuata."

Ilikuwa kweli, zilinifuata. Ila mtu akifunga skrini na kwenda kunywa chai, mashine ilibaki kwa jina lake na sisi wengine tukabaki tumesimama kama wageni. Rekodi nazo zilikuwa katika folda moja ambayo sote watatu tuliweza kusikiliza lakini hakuna aliyeweza kufuta. Hazikuwa na majina, namba tu. Na kulikuwa na sharti tuliloliwekea sahihi: ukiitambua sauti, simama hapohapo, mwone mratibu. Nilisaini upesi. Vijiji vya Kagera ni vingi, nikasema moyoni, nitamtambua nani?

Ilikuwa Jumatano ya mvua. Mashine niliyoipenda, ile ya dirishani, ilikuwa imefungwa na mwenzangu, nikakaa ya mlangoni. Nikafungua rekodi iliyofuata kwenye orodha, nikavaa hedifoni, nikapunguza mwendo wa sauti karibu nusu kama kawaida yangu, maana vidole vyangu ni vizito. Sauti ikipunguzwa mwendo inazeeka. Inakuwa nzito, inaburuta maneno. Huyu alikuwa mwanamke, na nilimdhania bibi wa miaka themanini.

Niliandika nusu saa nzima. Alieleza majani yalivyoanza kugeuka njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati wake, ukikata ndani unakuta kahawia. Alivyokata mgomba mmoja kwa panga na panga lenyewe likaupeleka ugonjwa kwa mwingine. Alivyong'oa kibanja kizima peke yake kwa mikono, akakaa miezi akinunua matoke sokoni kama mtu wa mjini. Nilikwisha kuwasikia wengi wakisema hivyo. Nakumbuka nilifikiri: maskini, huyu bibi kama mama yangu kabisa.

Mhojaji, binti mwenye adabu, akauliza, "Miche ya kupanda upya uliipata wapi, mama?"

Bibi akajibu. Vidole vyangu vikaandika: "Nililetewa na kifungua mimba wangu, yule niliyemwacha Rubya. Alikuja na gunia la machipukizi, tukaanzia kupanda pale chini ya mfenesi uliopigwa na radi."

Niliweka nukta. Ndipo nikasoma nilichoandika.

Mfenesi wetu ulipigwa na radi nilipokuwa darasa la nne. Upande mmoja umekauka mpaka leo, upande wa pili unazaa. Nikajiambia radi haichagui, mifenesi ya namna hiyo ipo mingi. Nikarudisha sauti kwenye mwendo wake wa kawaida.

Alikuwa mama.

Sharti nililijua. Sikusimama. Nilirudia sentensi ile mara nne, nikitumaini kwamba kifungua mimba ni mimi, kwamba kuna namna ya kuielewa nikawa mimi. Lakini mimi sikuwahi kuachwa Rubya. Rubya iko Muleba, na Muleba yenyewe nilikuwa naipita tu njiani. Nikaacha rekodi iendelee.

"Pole, mama. Ilikuwaje ukamwacha?"

"Niliolewa huko kwanza. Ndoa ilivunjika. Na mtoto ni wa ukoo wa baba yake, wangenipa wapi? Alikuwa na miaka miwili. Nilitoka asubuhi akiwa bado amelala."

"Na watoto wako wa hapa, wanajua?"

Mama alicheka. Kicheko kifupi, kikavu. "Hawajui," akasema.

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Mwenzangu aliyekaa karibu alinigeukia.

"Mbona umeacha kuandika, dada?"

"Vidole vina baridi," nikamjibu.

Kisha nikawaza: folda ile ni yetu sote. Huyu anayenitazama kwa huruma huenda amekwisha kuisikia. Huenda chumba kizima kinamjua huyo mtoto wa Rubya na mimi ndiye wa mwisho. Baadaye nilijua hakuna mwingine aliyeigusa rekodi ile, lakini kwa dakika zile niliwaogopa watu niliokula nao kila siku.

Nilikwenda kwa mratibu, mama mtu mzima aliyekuwa na tabia ya kukuacha umalize kusema.

"Nimetambua sauti," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

Akavua miwani. "Ulisimama?"

"Sikusimama."

Hakunigombeza. Alimwita fundi, naye akaandika mstari mmoja kwenye mashine yake, kisha akaniomba nikajaribu kuifungua rekodi. Nikajaribu. Skrini ikajibu kwamba sina ruhusa. Hata kurasa nilizoandika kwa mikono yangu zilikuwa zimefungwa. Nilisimama pale nikihisi kama nimefungiwa nje ya nyumba yetu, na wenye ufunguo ni wageni.

"Sikufukuzi," mratibu alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Mama yako alisema yale kwa sababu tulimwahidi hayatarudi nyumbani kwake. Yamerudi. Kosa ni letu kwanza, tulipaswa kuangalia nani anatoka wapi. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi."

"Naomba nitangulie mimi."

"Utamwambia nini?"

Nikamwambia nitayapanga maneno njiani.

Jumamosi nilifika Kaagya nikamkuta mama amekaa kwenye majani makavu ya mgomba, anamenya matoke. Nikachukua kisu cha pili nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yaliyotoka ni yale ya yule binti mhojaji.

"Maawe," nikamwita mama kwa Kihaya, "hii miche uliipata wapi?"

Kisu chake kilisimama. "Kwa nini unauliza leo? Umezila ndizi hizi mwaka wa tatu."

"Nataka kujua."

Alimaliza kumenya ndizi aliyoishika, akaitia majini. "Alileta dada yako," akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Nilikuwa nimekwisha kulisikia jambo hilo, tena mara nne, na bado lilinipiga upya. Sikuweza kujifanya. Nikamwambia yote: kazi yangu, namba, hedifoni, kwamba sikusimama. Sasa aliyeshtuka akawa yeye. Alishika mdomo kwa mkono wenye utomvu.

"Ulikuwa unanisikiliza?"

"Sikujua ni wewe. Nilipojua, niliendelea. Nisamehe."

"Yule binti aliniambia hakuna atakayenijua." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulinisikia nikicheka?"

"Nilikusikia."

"Sikucheka kwa furaha, mwana wange. Nilicheka kwa aibu."

Tulimenya ndizi zilizobaki. Maji ya matoke yakawa meusi. Nikamuuliza huyo dada anafananaje, nimfikirie vipi. Mama akanitazama kwa mshangao.

"Si ulimwona? Siku aliyoleta gunia ulikuwa hapa. Wewe ndiye uliyemkaribisha."

Nilikumbuka gunia kabla ya kumkumbuka mtu. Mwanamke aliyeshuka kwenye bodaboda, khanga imejaa vumbi. Mama alisema ni mtu wa kilimo, nami nikamwamkia "Shikamoo, mama," nikamwekea kiti na kurudi kwenye simu yangu. Alikaa kama saa nzima. Mama aliniambia kwamba muda wote ule mgeni yule alikuwa ananitazama, na kwamba aliniuliza nilisoma shule gani, nikamjibu bila kuinua uso. Hilo silikumbuki hata leo. Nimejaribu.

Mratibu alikuja wiki iliyofuata kama alivyoahidi. Mama alimpokea, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia maneno yake yafutwe yote isipokuwa yale ya migomba. Yakafutwa. Mimi nilihamishiwa kwenye mazungumzo ya wakulima wa mbali, na tangu hapo kila mwandishi mpya huulizwa kwanza kijiji chao.

Rubya tulikwenda mama na mimi, gari mpaka Muleba, kisha bodaboda mbili. Dada yangu alikuwa anatusubiri barabarani, amevaa gauni la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Wao wawili walisalimiana kwa Kihaya muda mrefu, mikono imeshikana, kama watu waliozoeana, na kumbe walizoeana; walikuwa wakionana kila walipopata nafasi, miaka yote niliyodhani mama amekwenda mazishini au kliniki. Kisha dada akanigeukia. Nikasema, "Shikamoo, dada." Akaitikia, "Marahaba," akanipokea mkoba.

Alituingiza ndani, akamwita binti yake wa kidato cha tatu. "Njoo umwamkie mama mdogo."

Msichana alitoka jikoni, mrefu kunizidi, akapiga goti mbele yangu, akasema shikamoo. Nilitazama nyuma kuona anaamkiwa nani. Dada yangu aliliona hilo, akacheka, mama naye akacheka, nami nikageuka tena mbele. Yule msichana alikuwa bado amepiga goti, akisubiri nimwitikie.