Diski Iliyotolewa Bila Ufa

"Mtoto wa muuza samaki, muuza migebuka, ataijulia wapi injini ya ndege? Labda aioshe." Hayo aliyasema baba mdogo, barazani kwetu Ujiji, siku nilipoaga kwenda chuo Dar es Salaam. Wote wakacheka. Nilipata stashahada yangu ya ufundi wa ndege, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna injini iliyopita mikononi mwangu ikaniaibisha. Nasema hivyo bila kuona haya.

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya kampuni ndogo ya ndege za kukodi, sikupewa hata spana. Mhandisi Mkuu alinikabidhi madaftari. "Stashahada," akaniita, na jina likaganda, "wewe utahesabu uhai wa diski."

Diski ni sahani nene ya chuma inayoshika mapanga ya turbini. Injini ikizunguka kwa nguvu ya kuruka, mapanga huivuta diski kwa nje. Ikizimwa, diski hulegea. Kaza, legeza, kaza, legeza, kama waya unaoukunja mpaka ukatike. Chuma nacho huchoka. Kuwasha, kuruka, kutua na kuzima tuliita mkupuo mmoja. Kitabu cha mtengenezaji kinataja diski itolewe baada ya mikupuo mingapi, hata kama bado inang'aa.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Kigoma. Siku moja nilipanda ndege yetu kwenda kusini kando ya ziwa, nikipeleka tairi. Tulitua viwanja vitatu vya vumbi, na kote rubani alishusha abiria injini ikinguruma.

"Mbona huzimi, Kapteni?"

"Nizime, betri igome? Utalala wewe na sokwe."

Hapo nikashtuka. Daftarini safari nzima iliandikwa mkupuo mmoja, kwa kuwa injini ilizimwa mara moja tu. Lakini kila kuruka kuliikaza diski upya, na kitabu kilitaka kuruka bila kuzima kuhesabiwe kama sehemu ya mkupuo mwingine, ijumlishwe. Nilichukua orodha za abiria za miaka yote, zinazoonyesha kila kiwanja tulikotua, nikahesabu upya kwa siku mbili. Diski ilikuwa imepita kikomo, na abiria tisa walikuwa wameshakata tiketi za kesho yake asubuhi.

Nikampigia simu Mhandisi Mkuu.

"Shikamoo, Mzee. Ndege ya kesho isiruke."

"Marahaba. Nani kasema?"

Nikamweleza. Akasema, "Stashahada, mimi nina digrii, na sahihi zilizomo humo ni zangu."

"Ndiyo, Mzee. Ya kesho inatakiwa iwe yangu, na sitaitia."

"Basi kama umekosea, tafuta kazi nyingine."

Diski ikatolewa, ikapelekwa kwa mtengenezaji kupimwa. Nakiri niliombea ufa. Barua ikaja: hesabu ni sahihi, kikomo kimepitwa, ufa hakuna.

"Wakubwa wanasema tumeilaza ndege bure," Mhandisi Mkuu alinipigia.

"Ufa ungekuwepo, Mzee, tungekuwa tumeshachelewa."

Wiki iliyofuata akaja Kigoma mwenyewe. Alifungua daftari, akachukua rula, akachora safu mpya: *kuruka bila kuzima*. "Haya, jaza," akasema, akaenda kutafuta chai.

Sasa nimestaafu, nakaa Gungu, hapa hapa Kigoma. Vijana wa ufundi huja kuniuliza, "Mzee, umeokoa ndege ngapi?" Nawajibu kwamba sijui, ila naamini ni nyingi.