Mate ya Cucu Hayafutwi

Utotoni mwangu, kule kijijini Ruiri, Umeruni, mate ya mzee yalikuwa kitu cha kugombaniwa. Kabla ya mtihani, kabla ya safari, hata kabla ya kwenda kung'olewa jino, ulimfungulia cucu, yaani bibi, viganja naye akakutemea, tuu, mate mepesi ya manyunyu, huku akilitaja jina la Mungu. Kuyafuta kulikuwa mwiko. Uliyaacha yakauke yenyewe, hata kama alikuwa ametoka kunusa tumbaku. Cucu alituonya kwamba baraka ikifutwa hugeuka, na mkono ulioifuta hukauka kama kuni. Niliamini hivyo kabisa, na mwaka niliokuwa darasa la tano niliomba kwa moyo wangu wote kwamba iwe kweli.

Cucu, mama mzazi wa mama yangu, alijikata mguu kwa jembe. Alijitibu kwa majani mpaka kidonda kikaoza, na likizo ya Aprili ikamkuta amelazwa hospitali mjini Meru. Mama alibaki nyumbani na watoto wadogo. Mimi nikapelekwa Kinoru, mtaa wa mji huo huo, kwa mama mdogo, ili niwe nampelekea cucu uji wa mtama na kushinda naye. Daktari alikuwa amesema wazi: kidonda kisafishwe vizuri asubuhi na jioni, maana weusi ukipanda kupita kifundo, mguu utakatwa. Cucu alikuwa mtu wa kuchunga mbuzi. Aliniambia kwamba wakiukata wasijisumbue kumrudisha Ruiri, kwani hakuna mbuzi atakayemngoja.

Muuguzi wa wadi ile alikuwa Sista Zuhura, msichana wa Mombasa ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza hivi kwamba mimi mwenyewe, na maringo yangu yote ya kupata alama nzuri shuleni, nilikuwa nashika nusu. Cucu alijua Kimeru tu, kwa hiyo hakushika hata neno. Mikono ya Sista, hata hivyo, aliielewa. Siku ya kwanza Sista alimfungua bandeji polepole, akaimwagia maji ya uvuguvugu pale ilipogandia, akawa anapuliza kidonda kama anavyopuliziwa mtoto. Alipomaliza, cucu alimshika mkono wa kulia, akaufungua, akatema. Tuu.

"Ala!" Sista aliruka. "Bibi, wanitemea mate? Miye nimekukosea nini?"

Akaufuta mkono kwa pamba, kisha kwa spiriti, kisha akaenda kuuosha kwa sabuni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kando yake alikuwa Mutwiri, mhudumu wa kupiga deki, Mmeru mwenzetu kabisa. Sista akamwuliza huyu bibi ana nini. Mutwiri akacheka.

"Achana na yeye, Sista. Wazee wa huku ndio hivyo. Wako na maneno mingi."

Haikunijia akilini kwamba duniani kuna mtu asiyejua maana ya mate yale. Nilidhani ameikataa baraka makusudi, kwa dharau, na nikaanza kumchukia siku hiyo hiyo.

Naye akanipa sababu za kuendelea. Kuanzia hapo cucu alihudumiwa mwisho. Bandeji ilivutwa ikiwa kavu, cucu akauma shuka. Jioni nyingine alirukwa kabisa. Cucu alipoonyesha mdomo kwa kidole, Sista alidhani anataka kumtemea tena, akarudi nyuma. Nilipokuwepo nilimpa uji na maji mwenyewe, lakini saa za kutembelea wagonjwa zilipoisha nilifukuzwa. Mguu ukaanza kunuka. Daktari aliuinamia, akakunja uso, akasema kwamba ataamua Ijumaa.

Usiniambie kwamba watoto hawana kisasi. Mimi nilikuwa nacho cha kutosha wadi nzima. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mbao nikiuangalia ule mkono wa kulia wa Sista, nikiuhimiza ukauke. Nilianza na vidole. Nilipanga namna atakavyoshindwa kushika sindano, namna atakavyorudishwa kwao Mombasa akiwa ameufunga kwa kitenge, namna mama yake atakavyouliza na yeye atakavyokosa la kusema.

Siku moja kabla ya hiyo Ijumaa, asubuhi, nikiwa ndio kwanza nafika, hata uji sijamimina, Sista aliingia mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Mvuke wa sufuria ya kuchemshia vyombo ulikuwa umemuunguza. Furaha niliyoipata sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Nilimsubiri afike karibu na kitanda, nikasimama.

"Mkono yako itakauka!" nilisema, na wadi nzima ikasikia. "Na bado! Itakauka mpaka kwa bega!"

Sista alisimama kama aliyepigwa. "Mkono wangu? Kwani nimefanya nini, mwanangu?"

"Ulifuta baraka! Cucu alikubariki na wewe ukafuta na spiriti!"

"Baraka?"

Sikuwa namfundisha. Nilikuwa namsomea mashtaka. Nikamwambia kwamba cucu hatemei watu ovyo, anatemea wajukuu na maharusi na mtu aliyemtendea wema, na kwamba yeye alipewa kwa sababu alipuliza kidonda, na sasa ameipoteza na itamla. Sista alimgeukia Mutwiri, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi ndani ya ndoo yake. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akaunyoosha ule mkono uliofungwa.

"Mwambie sikujua. Mwambie anisamehe, anitemee tena."

Nilitafsiri kwa shingo upande. Nikaongeza yangu kwa Kimeru: nilimwomba cucu akatae, amlaani, amalize kazi. Cucu alinitazama, akautazama na ule mkono, halafu akasema taratibu:

"Mwambie sina mate. Tangu jana jioni hakuna aliyenipa maji."

Maneno hayo niliyatafsiri kwa raha, moja moja, nisipunguze hata moja. Sista aliziba mdomo. Alikimbilia maji, akamwinua cucu kichwa, akamshikia kikombe, na cucu akanywa mpaka kikaisha, akaomba kingine. Ndipo akatema juu ya bandeji. Sista aliuacha mkono wazi mapajani mpaka ukakauka, machozi yakimtoka.

Asubuhi hiyo aliniuliza maji kwa Kimeru ni nini. Ruuji, nikamwambia, huku nimenuna. Akaniuliza na polepole, na inauma wapi. Aliyatamka vibaya, cucu akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Sista alisafisha kidonda kwa mkono wa kushoto, akamwomba daktari asikate bado, akawa anarudi hata zamu yake ikiisha. Vidole viwili vya mguu havikupona, vikaondolewa. Mguu ulibaki, na cucu akawafuata nao mbuzi miaka mingine mingi.

Mkono wa Sista nao ulipona vizuri, na nakumbuka nikihisi nimedhulumiwa. Leo namsamehe, kwa sababu cucu alimsamehe na kwa sababu hakujua. Nimejifunza kwamba hasira yangu ndiyo iliyosema kile ambacho adabu ya watu wazima ilikinyamazia, na siionei haya. Lakini Mutwiri hakuwa mgeni. Naye alikuwa ametemewa viganjani na bibi yake, kama sisi sote, na nadhani aliona haya kuonekana mshamba mbele ya msichana wa Mombasa. Kila siku alipiga deki chini ya kitanda kile, akiusikia mguu ule ukinuka, na neno lililohitajika alikuwa nalo mdomoni kwa lugha zote mbili. Huyo sijamsamehe.