Ivani na Marya Katika Kona za Lukerya

"Umempeleka ndugu yangu kwa wafu, Stepanida, na bado unatafuna kabichi yangu?"

"Kabichi yenyewe haina chumvi, dada. Na sikumpeleka, nimemtaja tu jina kwa padri, asomwe kesho kanisani pamoja na marehemu wengine. Magogo aliyoondoka nayo Demidi yameshafika mjini bila yeye."

"Aliye hai akisomwa pamoja na wafu, roho humsokota akafa."

"Au humsokota akarudi. Mama yangu alimrudisha baba hivyohivyo, kutoka kwa mjane wa ng'ambo ya mto. Alirudi amekonda."

Tulikuwa watatu jikoni kwa Lukerya, yeye, mimi na Stepanida mke wa Demidi, tunakata kabichi ya kutia chumvi, na nje mvua ya baridi haikatiki. Lukerya hakuolewa. Mama yao alipofariki alimlea mdogo wake Demidi, akimtafunia mkate kabla hajaota meno. Demidi alipokwenda kuyaelesha magogo mtoni hadi mjini, dada mtu alichuma Ivani-na-Marya, ua la manjano na zambarau kwenye shina moja, akalitia kila kona ya nyumba. Husimuliwa kwamba Ivani na Marya walikuwa kaka na dada waliopotezana utotoni, wakaoana bila kujuana, wakageuka ua wasitenganishwe. Wakiwa konani huongea usiku kucha, mwizi akadhani wenyewe wako macho. Mwizi mmoja aliwasikia wakigombania chumvi, akaingia kuwasuluhisha, akapigwa na wote wawili, viatu aliviacha. Nimeviona.

Ila Lukerya alisikia sauti moja tu, ya kiume, kama ya Demidi, ikiulizia soksi zake.

"Wafu hawaulizi soksi," alisema.

"Ua hilo ni mnyonyaji," Stepanida akamjibu. "Chini ya udongo mizizi yake hung'ang'ania ya majani jirani. Nawe ni hivyohivyo, dada, ila mzizi ulioushika umekauka."

Nikamkanyaga mguu. Hakusikia.

"Kesho nitamwambia padri amwache," Lukerya akasema.

"Hatakubali."

"Basi akimtaja nitaitika mimi, mbele ya watu wote: yupo."

Nikamsogezea kabichi nyingine.

"Unadhani nina wazimu," Lukerya akaendelea, kisu kikienda. "Jana tu, nikizima taa, kaniuliza kama—"

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Arefi, mwenzake Demidi wa magogo, amelowa. Akavua kofia yake. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kofia nyingine.