Kibuyu cha Mjomba

Jumatatu asubuhi, kwenye zahanati moja mjini Same, muuguzi alimwambia jirani yangu wa Bombo kwamba ini lake limeharibika, na pombe iishie hapo. Nilikuwa nimemsindikiza yeye na mkewe.

Mzee alivua kofia.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini Jumamosi wanakuja kumposa mpwa wangu. Mjomba asipotangulia kunywa dengelua, mazungumzo hayaanzi."

"Babu, si anywe mjomba mwingine?"

"Niko peke yangu."

Mkewe akamgeukia.

"Dengelua ni maji ya miwa mpaka itiwe chachu. Anayetia ni mimi. Kibuyu chako nitakitenga."

"Wakwe watanicheka."

"Watajuaje, usipokunja uso kama mtoto? Nataka uione na harusi yenyewe."

Muuguzi aliinama, akajifanya anatafuta kalamu.

Mila ilimtaka mjomba atangulie. Ukali wa kinywaji haikuutaja. Majina nayaacha, maana wakwe nao husoma magazeti.

Jumamosi mzee alipokea kibuyu chake kwa mikono miwili, akanywa, akawakaribisha wageni. Mazungumzo yakaanza.