Mwanamke wa Maziwa Kule Makaburini

Makaburi ya kwetu yako juu ya kilima, upande wa Djugu, mbali na nyumba za watu. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni ukayafunika, na mikaratusi hubaki ikielea bila mashina. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba dunia inaishia pale. Hata leo, hapa Bunia, nikiwa nusu usingizini na pikipiki zimeshaanza kunguruma mtaa mzima wa Rwambuzi, hukiona kilima kile kabla sijafungua macho. Nakipenda na kukiogopa kwa pamoja.

Aliyetutisha alikuwa mwanamke. Alijifunga kitambaa cheupe, akashika kibuyu mkononi, akatembea katikati ya makaburi akiimba kwa sauti ya chini. Alionekana tu ukungu ukiwa mzito. Tuliambiwa kwamba akikuita ukaitika, unamfuata na hutarudi tena. Kwa hiyo tulipopita pale na ng'ombe, kila mtoto alitia jani mdomoni ili asiweze kuitika hata akijisahau. Nilitafuna majani mengi utotoni kuliko mbuzi.

Mwenye hadithi hizo alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Kila msimu alimwongezea yule mwanamke kitu kipya: mara hana miguu, mara macho yake ni makaa, mara amewapelekea majirani homa. Ukimuuliza amemwona lini, anakujibu kwamba lisemwalo lipo. Nilimpenda shangazi, lakini alitia chumvi kila mahali isipokuwa kwenye mboga. Hata hivyo, kuna jambo ambalo hakulitunga yeye. Asubuhi moja tulikuta nyasi za pembeni, pale wanapozikwa watoto, zina matone meupe. Mmoja wetu alinusa akasema ni maziwa. Tulikimbia hadi nyumbani, na ng'ombe wakaja wenyewe nyuma yetu.

Kisha vita vikatufukuza, tukahamia mjini. Baba alifia hapa. Mama akazeeka hapa, magoti yakamgomea, akawa mtu wa uani na wa kanisa. Kila mvua kubwa ikinyesha, alikuwa akisimama mlangoni kutazama upande wa Djugu mpaka imalizike. Tulidhani anawawaza ng'ombe wetu waliopotea, na wakati mwingine tulimtania kwamba watarudi wakiwa wamelowa. Hakucheka.

Shangazi yeye alirudi kijijini mambo yalipotulia kidogo. Hivi karibuni alikuja kututembelea. Tulikuwa tumekwisha kula, tumekaa uani, mama anachambua maharagwe, jua limetulegeza wote. Shangazi akaanza habari zake.

"Wifi, ule mama wa makaburi iko tu. Batu ya mashamba balimuona tena, kitambaa nyeupe, kibuyu mukononi. Kanisa imechoka. Ku juma yenye inakuya, pasteri na batu ya maombi banapanda kule kumufukuza. Na siye hapa tubasaidie kuomba."

Nilicheka. Mama aliacha maharagwe.

"Anasimamaka wapi?" aliuliza.

"Kule mwisho, fasi banazikaka batoto."

"Anaimba?"

"Anaimba. Sauti ya kubembeleza mutoto."

Mama alijifunika mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa alituambia kwamba mwanamke yule alikuwa yeye.

Kabla yangu, alisema, alizaa msichana. Nilijua tu kwamba kulikuwa na mtoto aliyefariki. Sikuwahi kuambiwa zaidi. Alikufa akiwa ndiyo kwanza ameanza kuonja maziwa ya ng'ombe. Bibi zetu walikuwa na desturi: mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya humpelekea kaburini maziwa ya kwanza ya asubuhi, asilie njaa huko aliko. Kanisa lilikataza, na baba alikuwa shemasi. Basi mama alingoja ukungu, akakamua ng'ombe mmoja, akapanda na kibuyu. Aliendelea hivyo hadi siku tulipokimbia. Na jioni alikaa jikoni akimsikiliza wifi yake akitusimulia jinsi mwanamke yule asivyo na miguu.

"Nilikuwa naogopa kucheka," alisema.

Nilimtazama kana kwamba tumekutana siku ile. Moyo uliniuma kwa ajili ya mvua zote zile na utani wetu wa ng'ombe.

Kuku waliingia kwenye maharagwe na hakuna aliyewafukuza. Shangazi akasema polepole:

"Lakini wifi, weye uko hapa. Magoti yako hata sokoni haifike. Sasa ule banaonaka ni nani?"

Mimi si mtu wa mizimu. Nimesoma, na ninapenda kubishana. Lakini mchana ule kweupe nywele zilinisimama. Mama ndiye aliyebadilika. Uso wake ulilainika, ukawa wa msichana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alimshika shangazi mkono.

"Nilikuwa nalilia mutoto, nasema nilimuacha peke yake ku mvua. Kumbe iko na mutu. Wifi, ambia pasteri basimufukuze. Bakimufukuza, mutoto atabakia na nani?"

Shangazi yangu, aliyekikimbia kilima kile maisha yake yote, alifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Bapande," alisema. "Batanikuta kule mimi mwenyewe, nimekaa pembeni ya mutoto."