RAM ya Mudathiri

Mwanangu Ziada anatengeneza kompyuta kwenye kibanda chetu hapa Newala. Mimi natwanga kisamvu cha kuuza mlangoni, na kila anayeingia namkagua. Kazi yake ina ugomvi kuliko kilabu cha pombe.

Siku hiyo Mudathiri, mpiga video wa sherehe, alikuja amekumbatia kompyuta yake kuukuu ya mezani, mdomo umevimba. Hakunipa hata shikamoo. Wazazi wa kijiji cha Chilangala walikuwa wamempiga: watoto wao walishatoka jandoni siku nyingi, video hawajaiona. Kompyuta ilikuwa inaganda kila akianza kuunganisha picha.

Akatupa mezani kadi mbili mpya za RAM, zile za kumbukumbu ya kompyuta. "Weka hizi. Wanakuja jioni, na safari hii wana mapanga."

Ziada akazitazama. "Kaka, haziingii. Mashine yako ni ya zamani, hizi ni za mashine mpya. Ona hili pengo kwenye kadi, halikai mahali pamoja na la kadi zako za zamani."

"RAM ni RAM! Unanichezea?"

Akang'oa kadi za zamani, akapachika mpya, akazigonga kwa ngumi. Ziada alipomshika mkono, alipigwa kiwiko cha pua. Damu ikamwagikia mashine. Mudathiri akagonga tena, kipande cha plastiki kikaruka. Nafasi moja ya RAM ilikuwa imevunjika. Ikabaki moja tu.

Sikumbuki nilivyofika na mchi. Nakumbuka sauti ya bega lake. Alipopiga magoti, Ziada akamkamata ukosi, akambana uso kwenye mashine.

"Angalia pengo! Umeliona?"

"Nimeliona, dada! Nimeliona!"

"Mama, msimamie hapo hapo."

Nikamsimamia, mchi juu. Ziada alifuta damu mpaka pakauka, akachomoa kadi ya aina ya zamani, yenye kumbukumbu kubwa, kwenye mashine mbovu iliyokuwa kabatini. Akalinganisha pengo, akaikandamiza kwa vidole gumba, polepole, mpaka vishikizo vya pembeni vikajifunga vyenyewe. Akawasha. Mlio mmoja tu, kioo kikawaka. Mudathiri akaunganisha picha kwa mkono mmoja, na mashine haikuganda tena.

Wazazi walipofika na mapanga yao, walikuta watoto wao wanacheza kwenye kioo wamevaa kanga mpya. Wakayaweka mapanga chini ya benchi, wakacheka.

Mudathiri alitoka ameshika bega. "Shikamoo, Mama Ziada."

Pua ya mwanangu imepona, imepinda. Mpaka leo sijamwitikia.