Sikuwahi Kusubiri Mwisho wa Sura

Dada yangu tulimzika Jumamosi. Jumatatu akanisomea Historia.

Usikimbie, sijachanganyikiwa. Ngoja nikueleze.

Mimi sioni tangu utotoni. Haya naandika kwa simu inayonitamkia kila herufi, kwa hiyo mkikuta makosa mnisamehe.

Chuoni vitabu vya nukta nundu, vile tunavyosoma kwa vidole, vilikuwa vya kugombania. Dada akaniambia, "Wewe Profesa, ufeli mimi nikiwa na mdomo?"

Akawa anasoma vitabu vyangu kwa sauti, anajirekodi, ananitumia sura moja moja.

Sasa sisi tusioona tuna wazimu wetu. Hatusikilizi taratibu. Tunaweka mwendo wa juu kabisa, msomaji anasikika kama kuku anayefukuzwa, na tunaelewa kila neno. Wenye macho wanashika vichwa. Sisi ndiyo sifa yetu hiyo.

Dada akisema "mwisho wa sura," nabonyeza mbele. Nyingine. Mtihani uko shingoni.

Aliniambia amepata kazi mji mwingine. Nikimpigia: "Nipo bize, soma kwanza." Nami nasoma.

Halafu mama akapiga, analia. "Mwanangu, dada yako ametutoka. Ghafla tu."



Baada ya mazishi nikarudi bwenini. Sura yake ya mwisho nilikuwa sijaifungua. Ila siku hiyo sikutaka Historia, nilimtaka dada yangu. Nikashusha mwendo mpaka ule wa kawaida.

Uwiii!

Kumbe vile vikwaruzo, nilivyokuwa nalaumu simu yake mbovu, vilikuwa kikohozi.

Anasoma mstari, anakohoa, anatafuta pumzi. Magurudumu ya kitanda yanapita. Kuna mgonjwa anaita nesi.

Dada alikuwa wodini. Kazi ya mji mwingine haikuwepo, na mama naye alinificha kwa sababu ya mtihani.

"Mwisho wa sura," akasema. Safari hii sikubonyeza. Sikuwa na moyo huo.

Nikamsikia nesi: "Dada, si umwambie mdogo wako kwamba unaumwa?"

"Thubutu! Akijua ataacha mtihani aje akae hapa. Namjua yule."

Kisha akasogea karibu na simu.

"Profesa. Kila sura nakuachia neno hapa mwishoni, na najua hufiki, na hizo mbio zako. Siku ukifika, nipigie tuongee. Nimechoka, ila simu yako nitapokea hata wanikataze."

Nilizifungua sura zote za nyuma, moja baada ya nyingine. Kila mwisho yupo. Ananitania, ananiuliza kama nimekula. "Nipigie, Profesa."

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mtihani nilifaulu. Sikuwa na wa kumwambia.

Ndugu yangu, kama kuna mtu wako amekutumia sauti ukaikatisha katikati, achana na mimi. Nenda kaisikilize yote, kwa mwendo wake mwenyewe.

Halafu mpigie, maadamu bado anapokea.